Maji ya Misela

Maji ya misela ni kisafishio cha uso kilicho katika hali ya kimiminika, kinachopakwa kwa pamba ili kuondoa vipodozi, jasho, vumbi na mafuta ya ngozi. Hayatoi povu. Mengi hayana rangi wala manukato, na aliyeikuta chupa haina lebo angeweza kuyadhani maji ya kunywa. Tofauti huonekana pamba inapopitishwa kwenye shavu lililopakwa faundesheni: pamba hugeuka kahawia hata kabla mkono haujasugua. Yalianzia kwenye maduka ya dawa ya Ufaransa, na leo yanauzwa katika famasi, supamaketi na maduka ya vipodozi ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Kazi yote ndani ya chupa hufanywa na safaktanti, molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji ukatafuta mafuta. Zikiwa chache, molekuli hizi hutawanyika au hupanda juu ya maji. Zikizidi kiwango fulani hujikusanya makumi kwa makumi, mikia ikiwa ndani na vichwa vikiwa nje. Kila kusanyiko la namna hiyo huitwa misela. Kipenyo chake ni nanomita chache tu, udogo ambao hauwezi kuutawanya mwanga kiasi cha kuonekana, ndiyo maana maji yaliyojaa misela hubaki maangavu. Katikati yake, mikia inapokutana, mafuta hupata nafasi ya kuingia. Aliyewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji baridi matupu anaijua shida yenyewe: mafuta huhama upande huu kwenda ule, hayatoki, mpaka sabuni itiwe. Lipstiki, maskara na faundesheni nyingi zina nta na mafuta ndani yake, na usoni huleta shida hiyohiyo.

Sabuni ya kawaida nayo hutengeneza misela, tena ndiyo iliyowafungulia wanasayansi mlango wa kuijua. Mkemia James William McBain, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Bristol, Uingereza, alikuwa akichunguza jinsi maji ya sabuni yanavyopitisha umeme. Umeme ulipita vizuri, ilhali vipimo vingine vilionyesha kuwa chembe zilizoyeyuka mle ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1913 alitoa maelezo yake: molekuli za sabuni haziko mojamoja, zimejikusanya. Wazo hilo lilipokewa kwa mashaka, kisha likawa msingi wa elimu yote ya sabuni na visafishio.

Kwa hiyo tangazo linaloisifu misela kama uvumbuzi mpya, au kama sumaku inayovuta uchafu, linapotosha. Hapana sumaku yoyote. Jambo jipya ni uteuzi wa safaktanti na kiasi chake. Maji ya sabuni ya kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, karibu na pH 5. Uso unaooshwa kwa sabuni kali mara kwa mara hukakamaa na kuwasha, hasa ngozi ikiwa kavu. Waundaji wa maji ya misela walichagua safaktanti laini, nyingine zikiwa zimetengenezwa kutokana na asidi za mafuta ya nazi, wakazitia kwa kiasi kidogo ndani ya maji yaliyosafishwa vizuri.

Mara nyingi husimuliwa kwamba maji haya yalipendwa Ufaransa kwa sababu maji ya bomba ya Paris yana chokaa nyingi. Maelezo hayo yana mantiki ya kikemia. Kalsiamu iliyomo kwenye maji magumu huungana na sabuni, ikafanya utando mweupe usioyeyuka na unaoganda kwenye beseni na kwenye ngozi. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaotumia maji ya visima vya chumvi hawahitaji kufundishwa hilo: sabuni husuguliwa weee, na povu halitoki.

Bidhaa iliyoyapa maji haya jina ni ya kampuni ya Bioderma, iliyoanzishwa na mfamasia Jean-Noël Thorel katika miaka ya 1970. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa Créaline H2O, ambayo sasa inafahamika kama Sensibio H2O, ikiwalenga watu wenye ngozi nyepesi kudhurika. Wapambaji wa maonyesho ya mitindo ya Paris waliipenda kwa sababu iliyo wazi kabisa. Mwanamitindo mmoja hubadilishiwa sura mara kadhaa kwa siku, nyuma ya jukwaa hakuna sinki, na ngozi iliyosuguliwa ikawa nyekundu haishiki faundesheni vizuri. Chupa yenye kifuniko cha waridi ikawa sehemu ya sanduku la mpambaji. Miaka ya 2010 makampuni makubwa yakaingia sokoni, miongoni mwao Garnier, iliyo chini ya L'Oréal, ikiuza chupa kubwa ya mililita 400. Hapo ndipo maji ya misela yalipotoka kwenye famasi yakawa bidhaa ya rafu ya kawaida.

Matumizi yake ni rahisi, lakini haraka huyaharibu. Pamba huloweshwa mpaka ijae, kisha hukandamizwa juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde kumi au zaidi, bila kusugua. Muda huo ndio unaoiwezesha misela kuifikia nta ya maskara. Baadaye pamba huvutwa taratibu kuelekea chini, kufuata kope zinavyoota. Wanja uliopakwa ndani ya ukingo wa jicho, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Unguja, Lamu na Mombasa, haufai kufukuziwa huko ndani kwa pamba iliyolowa. Kinachofutwa ni kile kilicho nje ya kope, na kilichobaki machozi yatakitoa nje yenyewe. Anayevaa lenzi za macho azitoe kwanza. Kwa uso uliobaki, pamba hubadilishwa kila inapochafuka, kwa kuwa pamba iliyojaa vipodozi huvisambaza upya.

Kusugua kunastahili kukemewa zaidi kwa watu wa ngozi nyeusi. Ngozi yenye melanini nyingi ikichubuliwa au ikivimba huacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Bibi harusi aliyepambwa tangu asubuhi, akarudi usiku wa manane amechoka na kujisugua kwa taulo ili alale, anaweza kuamka na uso unaowaka na baadaye kubaki na mabaka. Pamba tano zilizoloweshwa sawasawa zingemtosha.

Vipodozi vilivyotengenezwa visitoke kwa maji ni mtihani mwingine. Maskara ya aina hiyo, lipstiki ya kukaa siku nzima na gundi ya kope bandia huyashinda maji ya misela ya kawaida. Kwa ajili hiyo kuna aina ya matabaka mawili, mafuta yakielea juu na maji yakikaa chini, ambayo hutikiswa kabla ya kumiminwa. Wengine huanza na mafuta, kisha hufuta kwa maji ya misela, na hatimaye hunawa. Krimu ya jua isiyotoka kwa maji huhitaji utaratibu huohuo.

Je, uso usuuzwe? Hapa ndipo lebo na busara hutofautiana. Chupa nyingi zimeandikwa kuwa hakuna haja ya kusuuza, na neno hilo limesaidia sana kuyauza maji haya. Lakini kisafishio hakiachi kuwa kisafishio kwa sababu kinafanana na maji. Safaktanti iliyobaki usoni usiku kucha, pamoja na vihifadhi vyake, inaweza kuwasha ngozi nyepesi kudhurika, yenye pumu ya ngozi, au iliyokwisha kuchokozwa na dawa za chunusi. Dalili zake ni kunata, kukaza na vijipele vidogo. Kusuuza kwa maji safi kunachukua nusu dakika na kunaiondolea ngozi mzigo usio na faida. Asiye na maji karibu, mgonjwa aliye kitandani au msafiri wa basi la usiku, anayo sababu nzuri ya kuifuata lebo. Aliye bafuni kwake hana.

Kwa mwanamke wa Kiislamu anayejiandaa kutawadha, jambo hili hupata mpangilio wake wenyewe. Vipodozi vinavyofanya utando juu ya ngozi ni lazima viondoke ili maji yafike, na maji ya misela hufanya kazi hiyo. Hayachukui nafasi ya udhu, maana kufuta kwa pamba si kuosha. Maji ya udhu yanayofuata ndiyo yanayousuuza uso.

Mnunuzi naye ana kazi ya kusoma lebo. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na nchini Kenya alama ya ubora hutolewa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Orodha ya viambato vya maji ya misela ya kawaida huwa fupi: maji, gliserini au glikoli nyingine, safaktanti moja au mbili kama poloksama, na kihifadhi. Chupa inayoahidi kuisafisha ngozi na papo hapo kuifanya nyeupe inadai jambo ambalo misela haina uwezo nalo, na ni afadhali iachwe dukani. Alama ya kikopo kilicho wazi yenye 6M au 12M huonyesha idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua.

Hina haitoki kwa maji haya. Rangi yake huungana na protini ya ngozi yenyewe, haikai juu kama lipstiki, na huondoka ngozi ya juu inapobanduka, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu. Piko, rangi nyeusi ya kuchorea mwili, nayo ni hivyohivyo, ila ina hatari ya ziada: nyingi huchanganywa na rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayoweza kuleta malengelenge na mzio wa muda mrefu. Ngozi iliyovimba kwa sababu ya piko huoshwa kwa maji mengi safi, na mwenyewe hupelekwa kwa daktari. Kuifuta kwa maji ya misela huongeza muwasho tu.