Gia Hurithiwa, Cheni Huzikwa

Mafundi wa magharibi ya Lualaba tunajulikana kwa ubishi mmoja. Tukiletewa injini ya kufungua, hatuanzi kwa kuuliza ni ya lita ngapi wala ya mwaka gani. Tunauliza ni nini kinachozungusha kamshafti. Ikiwa ni gia, tunapanga bei. Ikiwa ni cheni, tunakuna kichwa. Ikiwa ni mkanda wa mpira, sisi wazee humwuliza mwenye gari kama ana ndugu Kolwezi wa kumtumia vitu. Wenzetu wa Lubumbashi hutucheka, wanasema tumebaki enzi za Wabelgiji. Wacheke. Mimi nilijifunza kazi Sandoa, na nitaeleza ubishi huu ulitoka wapi.

Kwa asiyefungua injini, mambo ni haya. Krenkishafti hupokea nguvu ya pistoni. Kamshafti hufungua na kufunga valvu. Katika injini ya mipigo minne krenkishafti huzunguka mara mbili na kamshafti mara moja, kwa hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili: ndogo ikiwa na 21, kubwa ina 42. Zikikosana jino moja, valvu hufunguka wakati si wake, na injini hukosa nguvu, au hukohoa kwenye kabureta, au haiwaki kabisa. Cheni hufanya kazi hiyo hiyo, lakini hurefuka kadiri pini zake zinavyolika. Mkanda hukatika bila kuaga. Gia hulika polepole, na kabla ya kuharibika hulia muda mrefu hata dereva asiyetaka kusikia husikia.

Sasa tazama ramani. Sandoa iko karibu na mto Lulua, kaskazini ya reli. Ardhi yake, kama ya Kapanga na Dilolo, imefunikwa na mchanga wa Kalahari, ule ule unaopita Angola mpaka magharibi ya Zambia. Lori kwenye mchanga huo hukaa gia ya chini, injini inazunguka sana na gari linasogea kidogo, vumbi linatafuta kila upenyo. Na spea ziko mbali. Reli ya kutoka Tenke ilifika Dilolo mwaka 1931 na kuungana na ile ya Benguela inayoshuka hadi bandari ya Lobito. Kwa watu wa Sandoa hiyo haikuwa na maana ya kituo cha treni nyumbani. Mzigo ulishushwa Kasaji, kisha ukapanda lori kilomita zaidi ya 100. Kila kitu cha chuma kilichofika kwetu kilikwisha kusafiri baharini, kwenye reli, na mwisho mchangani.

Malori ya kwanza ambayo wazee wetu waliyakumbuka yalikuwa ya Kimarekani, ingawa wakubwa walikuwa Wabelgiji. Hilo lisimshangaze mtu: Ford na General Motors zote mbili zilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Antwerp tangu miaka ya 1920, na Antwerp ndiko meli za Kongo zilikopakia. Ford ya Model T, iliyotoka 1908, ilizungusha kamshafti kwa gia. Chevrolet ya silinda sita ya mwaka 1929, na ndugu zake waliofuata kwa miaka mingi, vilevile. Ila Wamarekani hawakupenda kelele za chuma juu ya chuma, kwa hiyo gia kubwa ya Chevrolet waliitengeneza kwa nguo iliyogandishwa kwa resini, ikizungushwa na gia ndogo ya chuma. Kimya kabisa. Kwenye barabara ya lami ya Ulaya gia hiyo ilidumu. Kwetu, joto na mafuta machafu viliila. Boyi-shofere, msaidizi wa dereva, akimwaga mafuta na kuona makombo ya kahawia mfano wa maganda ya karanga, alijua safari imekwisha.

Hapo ndipo migodi inapoingia katika hadithi yetu, ingawa Sandoa haina shaba ya kuchimba. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na karakana kuu Panda, Likasi, zenye tanuri za kuyeyushia chuma na mashine za kuchonga. Vijana wetu walikwenda kazini Likasi na Kolwezi, wakaona kwamba kitu kilichovunjika si lazima kiagizwe Ubelgiji. Kinaweza kupimwa na kuchongwa kingine. Waliporudi vijijini na pensheni ndogo na masikio yaliyochoka, walirudi na wazo hilo. Gia ya nguo ikafa, wakatafuta ya alumini au ya chuma. Ikalia zaidi. Hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja miaka ambayo hata spea ya kuagiza ilikosekana. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire, na maduka ya Wagiriki na Wareno yaliyokuwa yakituletea vitu yakabadili wenyewe. Mengi yaliuza kilichokuwa rafuni na hayakujaza tena. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, na mlango wa Lobito ukafungwa pamoja nayo. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, waasi waliompinga Mobutu, walivuka kutoka Angola. Kapanga, Dilolo, Sandoa, Kasaji, zote ziliingia mikononi mwao, kisha Mutshatsha. Watu walikimbilia porini, wengi wakavuka mpaka na kuingia Angola wakati jeshi la serikali liliporudi. Mei 1978 walikuja tena, safari hii Kolwezi yenyewe, na tarehe 19 askari wa Legioni ya Ufaransa wakaruka kwa parashuti. Vitabu vinaeleza wanasiasa na maiti. Sisi mafundi tunakumbuka pia magari yaliyobaki kandokando ya barabara, milango imeng'olewa, matairi hayapo, injini bado ndani.

Injini hizo ndizo zilizotulisha. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana ndiyo sababu hasa ya ubishi wetu. Ukiitoa cheni kwenye injini iliyokufa, umetoa cheni iliyokwisha kurefuka. Ukiifunga kwenye injini nyingine unahamisha ugonjwa. Mkanda wa zamani ni hivyo hivyo, mbaya zaidi. Lakini gia ya chuma iliyozunguka miaka kumi, ukiitoa pamoja na mwenzake, bado ni gia. Meno yake yamezoeana. Ukizihamisha zote mbili pamoja, kwenye injini ya aina ileile, zitaendelea pale zilipoishia. Wahandisi wana sababu zao za kuchagua gia, cheni au mkanda: kelele, uzito, gharama, umbali kati ya krenkishafti na kamshafti. Kwa mji unaoishi kwa mabaki, swali ni moja tu: kitu hiki kinarithiwa au hakirithiwi?

Mwalimu wangu alikuwa amefanya kazi kwenye gereji ya mgodi kabla ya vita. Tulimwita Vié, kama tunavyowaita wakubwa wote kwetu, na yeye alituita mutoto hata tulipooa. Hakuwa na karakana. Alikuwa na mwembe, magogo mawili ya kuegeshea injini, na sanduku la bati lenye mikromita ambayo hakuna mwanafunzi aliyeigusa. Gari zetu kubwa wakati huo zilikuwa Mercedes 1113 za injini ya OM352, dizeli ya lita 5.7 iliyotoka 1964, ambayo mbele yake ni gia tupu, ya kamshafti na ya pampu ya dizeli. Gari ndogo zilikuwa Land Cruiser za misheni, zenye injini ya petroli ya 2F, lita 4.2. Hiyo nayo ni ya gia. Ukoo wake si mgeni kwetu: Toyota ilipotengeneza injini yake ya kwanza, miaka ya 1930, iliiga ile ya Chevrolet.

Kufunga gia ya kamshafti ya 2F kulitaka utulivu. Gia imebanwa kwenye kamshafti, haifungwi kwa bolti tatu kama kwenye injini nyingine, kwa hiyo kamshafti yote hutoka. Kwanza unavisha bamba linaloizuia kamshafti isicheze mbele na nyuma, halafu ufunguo mdogo kwenye mfereji wake. Ukilisahau bamba, utaivuta gia tena, na gia iliyovutwa na kurudishwa haishiki kama mwanzo. Gia ya chuma tuliipasha kwenye sufuria ya mafuta ya injini juu ya makaa, mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Vié alikataza kabisa kuipasha kwa moto wenyewe, kwa sababu moto hupasha upande mmoja na kulegeza ugumu wa meno. Kisha koleo, mkono mmoja tu wa kuishusha, na mahali pake pawe pameshasafishwa kwa dizeli. Ilishuka kwa mlio mmoja. Ikikwama nusu njia, hakuna nyundo. Inatolewa, inapashwa upya.

Baadaye alama: nukta ya gia ndogo na nukta ya kubwa zitazamane. Watu hudhani kazi imekwisha hapo. Vié alikuwa bado. Alikata kipande cha waya laini wa risasi wa kulehemu redio, akakiweka kati ya meno, akageuza krenkishafti kidogo, akakitoa kikiwa bapa. Ndipo sanduku la bati lilipofunguliwa. Alitaka unene wa takriban sehemu 10 za mia za milimita, karatasi moja ya daftari. Kikiwa chembamba zaidi, gia zitalia kama mtoto na kuchemka. Kikiwa kinene, zitagongana kila injini inapopumua. Alirudia sehemu nne za mzunguko, kwa kuwa gia iliyokaa upande hubana hapa na kuachia pale. Akimaliza, sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake kwenye kifuniko cha mbele. “Mutoto, sikia kwanza,” alisema, na hakusema nini cha kusikia.

Ipo pia kazi ya kugeuza injini ya cheni iwe ya gia. Wamarekani wa mbio za magari wanavyo vifaa vyake kamili kwa ajili ya V8 zao. Ni kazi ya akili zaidi kuliko inavyoonekana, maana cheni huzungusha kamshafti upande uleule wa krenkishafti, lakini gia mbili zikigusana huzungushana kinyume. Kwa hiyo huwekwa gia nyingine katikati, moja au mbili, ili mwelekeo urudi sawa. Mteja mmoja wa Kolwezi, mwenye pesa ya kobalti na pikapu ya Chevrolet, aliniletea seti kama hiyo. Tuliifunga, tukakwangua kifuniko kwa ndani mahali kilipogusa, tukapima waya wa risasi kama alivyotufundisha mzee. Injini ikatoa ule mluzi ambao Wamarekani waliukimbia miaka ya Chevrolet za zamani. Mteja alifurahi sana. Mluzi ndio alionunua. Faida nyingine sijui angeipata wapi kwenye foleni ya Kolwezi.

Kuanzia miaka ya 1990 tulianza kushindwa. Land Cruiser mpya zilikuja na 1HZ, dizeli ya lita 4.2, injini ninayoiheshimu kwa kila jambo isipokuwa mkanda wake. Kiwandani wanasema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ni kauli nzuri kwa gari ambalo mita yake inafanya kazi. Kwetu waya wa mita hukatika mapema, na baada ya hapo kilomita ni suala la imani. Gari la shirika moja lilikatikiwa mkanda njia ya Kapanga, valvu zikakutana na pistoni, na gari likakaa chini ya miti msimu mzima wa mvua likingoja kasha kutoka mbali. Wanakijiji walilifugia kuku.

Halafu gia ikarudi kwa mlango ambao hatukuutazamia, yaani pikipiki. Honda iligundua kwamba katika nchi kama zetu watu walipanda pikipiki zake za cheni ndani ya injini bila kukaza cheni wala kubadilisha mafuta, zikafa mapema. Mwaka 1976 ikauza CG125: kamshafti imeshushwa chini, inazungushwa na gia moja kwa moja, na fimbo mbili zinapanda kusukuma valvu. Wachina waliiga injini hiyo kwa mamilioni. Leo wewa, yaani mwendesha pikipiki wa kukodi, anayebeba magunia mawili ya mihogo na mama na mtoto kutoka Kasaji kwenda Sandoa, mara nyingi amekalia gia zilezile za hoja ileile: barabara mbaya, spea mbali, mwenye chombo hana muda.

Kinachoharibika si meno. Gia ya kamshafti ya CG huzunguka juu ya pini fupi, na pini hiyo huishi kwa mafuta tu. Mafuta yakipungua, tundu la gia hupanuka, gia hulala upande, na mlio unaanza. Vijana wanaonifuata huagiza pini mpya Kolwezi na kuiingiza kwenye gia ya zamani, na wiki chache baadaye pikipiki inarudi. Nawaambia walete pini na gia pamoja, hata kama ni za pikipiki iliyogongwa, alimradi zimetoka kwenye injini moja. Zipo nyingi nyuma ya soko la Kasaji, zinauzwa kwa jozi, zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi.