Hisani ya Majirani: Misingi ya Utoaji katika Uwanda wa Ruzizi

Maandishi mengi kuhusu hisani humchukulia mtoaji kuwa mtu mwenye ziada, na mpokeaji kuwa mtu wa mbali. Luvungi, mji mdogo wa barabarani kati ya Bukavu na Uvira katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, unapingana na dhana hiyo. Hapa familia inayolima muhogo na mahindi ya kujilisha ndiyo humpa mkimbizi chumba, unga na pahali pa kupikia, mara nyingi kabla gari lolote la msaada halijafika. Hoja ya makala haya ni kwamba utoaji huu una nguzo mbili: kumbukumbu ya shida iliyowapata wote, na uwezo wa kila mtu kuona mchango wake umefika wapi. Msaada wa nje ukizipuuza nguzo hizo, hudhoofika.

Wataalamu wameeleza sababu za kutoa kwa namna mbalimbali. Mwaka 1925 Marcel Mauss alionyesha kwamba zawadi huzaa wajibu wa kuipokea na kuirudisha. Mwaka 1990 James Andreoni alieleza kwamba mtoaji hupata pia faraja yake mwenyewe moyoni. Maelezo hayo yana ukweli, lakini katika Ruzizi anayelipa fadhila kwa kawaida si yule aliyeipokea. Oktoba 1996 vita viliupitia uwanda huu. Tarehe 6 ya mwezi huo hospitali ya Lemera, milimani juu ya Luvungi, ilivamiwa na wagonjwa wakauawa. Kuanzia 2015 Warundi walivuka mto Ruzizi kutafuta usalama Kongo. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa vitani, Wakongo waliuvuka mto uleule kuelekea Burundi, na wengi wakapokelewa katika uwanja wa michezo wa Rugombo. Katika muda wa miaka 10 mwenyeji na mgeni walibadilishana nafasi. Anayempokea mkimbizi anajua kwamba zamu yake yaweza kufika.

Nguzo ya pili inaonekana katika vikundi vya akiba na mikopo viitwavyo AVEC, vilivyoenea Kivu Kusini. Mbali na hisa, kila mwanachama hutia kiasi kidogo katika mfuko wa mshikamano, unaotumika kwa ugonjwa au msiba. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hata asiye na imani na mtu mmoja huuamini utaratibu.

Tulinganishe na mfano wa kiwango kikubwa. Mwaka 2023 shirika la GiveDirectly, linalotuma fedha kwa simu, lilitangaza kwamba takriban dola 900,000 zilizokusudiwa kwa familia maskini za Kivu Kusini zilikuwa zimeibwa, baadhi ya wafanyakazi wake wakishiriki. Shirika lilistahili heshima kwa kusema hadharani. Hata hivyo, kasi ya kutuma fedha kwa simu haiwezi kuchukua nafasi ya macho ya wanakijiji.

Yapo mapungufu pia upande wa majirani. Mgeni asiye na ndugu wala kanisa hukosa mlango wa kubisha, na mfuko wa kikundi hauwezi kujenga upya hospitali. Tena Desemba 2025, vita vilipofika Luvungi penyewe, waliokuwa wakipokea wakimbizi wakakimbia wao wenyewe. Hakuna jirani anayeweza kusaidia akiwa njiani na mzigo kichwani. Ndiyo maana msaada wa mbali ni wa lazima.

Mashirika na wahisani, basi, wafanye mambo matatu. Familia zinazopokea wakimbizi ziandikwe katika hesabu kama wafadhili, kwa sababu ndivyo zilivyo. Orodha za wanaosaidiwa zisomwe hadharani, wenyeji wakiwapo. Na msaada uelekezwe kwa nyumba nzima, mwenyeji pamoja na mgeni wake, kwa maana wote wawili wanakula katika sufuria moja. Mfadhili asiyemtambua mwenyeji huyo anadhulumu hisani iliyotangulia ya kwake.