Matumizi Salama na Sahihi ya Msumeno wa Pembe

Kwa seremala wa Kata ya Kasulo, wilayani Ngara, vidole ndivyo mtaji wa kwanza. Msumeno wa pembe unaotumia umeme hukata mbao mshazari kwa namna mbili: meza yake huzungushwa kulia au kushoto, na kichwa chake huinamishwa.

Kabla ya kurekebisha pembe au kubadili diski, chomoa plagi. Vaa miwani ya kinga. Usivae glavu wala nguo zinazopwaya, kwani diski huweza kuzinasa. Bana ubao ukiwa umeegemea ukingo wa nyuma wa meza, na mikono iwe mbali na diski kwa angalau sentimita 15. Subiri diski ifikie kasi kamili ndipo uishushe. Ukimaliza, achia swichi na uinue kichwa diski ikishasimama. Umeme ukikatika, chomoa plagi.

Usahihi huanza na guniya. Fremu ya kona nne ina mikato minane ya digrii 45. Kosa la nusu digrii katika kila mkato hufikia digrii nne, na kona ya mwisho haifungi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kisichohitajika.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya Mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye mashine hatarishi. Hivyo, kifuniko cha diski kisiondolewe kwa kisingizio cha kuharakisha kazi.