Miezi Mitatu Gizani: Unguja Ilivyogeuka Kisiwa cha Majenereta

Wewe unayelalamika umeme kukata masaa mawili, hii inakuhusu.

Tangu 1980 Unguja ilikuwa inategemea waya mmoja tu wa umeme, uliopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Mei 2008 umeme ukakata, giza karibu mwezi mzima. (Miezi tisa baadaye watoto wakaongezeka. Sio umbea, utafiti wake ulichapishwa 2014!) Watu wakajua yameisha. Desemba 10, 2009 ukakata tena, safari hii mpaka Machi 2010.

Pampu za maji zikalala, ndoo zikarudi kichwani. Mji Mkongwe kukawa jenereta kila baraza, kelele na moshi vimejaa vichochoroni. Hata Sauti za Busara ya Februari 2010 iliangukia humo humo gizani, na muziki ukapigwa.

Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, ila somo halijapitwa na wakati. Jenereta haichaguliwi kwa bei. Jumlisha wati za vitu vyako, na kumbuka friji ikianza kuwaka huvuta mara mbili tatu ya kawaida yake. Ya kwenda nayo kambini, tafuta ya inverta, haina kelele sana.

Ila swali la kwanza ni hili: itakaa wapi? Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu usingizini. Kama huna nafasi nje, mbali na madirisha, nunua taa ya sola tu. Giza halijawahi kuua mtu kwa sumu.

Nani alikuwepo Unguja kipindi kile? Tupe stori.