Tauni, Panya na Moto wa Nairobi

Mwaka 1902, tauni ilipodhihiri katika soko la Wahindi mjini Nairobi, maafisa wa serikali, kwa hofu waliyokuwa nayo, waliamuru soko zima litiwe moto, nao wachuuzi, ambao ni haki kuwahurumia hata leo, wakapoteza maskani na riziki zao kwa pamoja. Ilhali tangu mwaka 1898, huko Karachi, tabibu Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa amekwisha kubainisha kwamba maradhi yale huenezwa na viroboto wa panya, wala wataalamu wenziwe wengi hawakumsadiki, hata tume ya utafiti iliyoanza kazi Bombay mwaka 1905 ilipothibitisha kauli yake, ndipo kutega panya na kuziba matundu ya maghala kukatiliwa mkazo zaidi.