Furu wa Ziwa Viktoria na Kuzaliwa kwa Aina

John Speke alipofika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1858, kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya aina za viumbe kilikuwa bado mwaka mmoja kutoka. Mambo mengi ambayo kitabu hicho kilitaka kuyathibitisha yalikuwa yakiogelea ndani ya maji yale, na wenyeji wa pwani zake walikuwa wakiyavua tangu kale. Walikuwa furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapiti shubiri, wala sokoni hawakuwa na heshima ya sato.

Katika ziwa hilo aina za furu zilikuwa zapata 500. Wako waliovunja konokono, waliokwangua mwani juu ya mawe, na wengine, kwa hila ya kutisha, waliopora makinda kinywani mwa mama aliyeyaficha humo. Lakini udongo uliotolewa chini ya ziwa ulionyesha, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1996, kwamba ziwa lilikuwa limekauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Wingi huo wote, basi, ulitokea kwa muda ambao kwa umri wa dunia ni kama kufumba na kufumbua.

Aina huzaliwa pale ambapo viumbe wa asili moja huacha kuzaana. Aghalabu kitenganishacho ni ardhi: Ziwa Nabugabo, huko Uganda, lilikatwa na ukingo wa mchanga miaka elfu chache iliyopita, na ndani yake mkatokea furu wa aina zake lenyewe. Lakini ndani ya Ziwa Viktoria ukuta wa namna hiyo haukuhitajika daima. Madume wa aina moja ni samawati. Wa aina ya jirani, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ni wekundu. Jike huchagua kwa jicho. Watafiti walipowaweka chini ya mwanga uliofuta tofauti ya rangi, majike hawakubagua tena. Ukuta wao ulikuwa maji maangavu.

Sangara alitiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi. Wataalamu hukisia kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Hasara hii husimuliwa mara nyingi. Ya pili haina kelele: udongo na mbolea kutoka mashambani, pamoja na uchafu wa miji, vilistawisha mwani na kuyatia maji ukungu. Huko hakuna aliyeliwa, ila jike hakuona tena.

Katika kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, wekundu na samawati walibaki mbalimbali. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, penye maji machafu, watafiti walikuta samaki wa jamii moja iliyochanganyika, wengi wao wenye rangi ya katikati.