Namba ya Nyumba

Vijana hapa Nyarugusu wanawacheka wazee kwa simu zao. Babu ana kasimu ka vitufe, kamefungwa mpira, kanakaa mezani juu ya kitambaa, na ukikagusa tu atakuuliza unakapeleka wapi. Wanaocheka hawajui kasimu kale kametokea wapi.

Neno simu limetoka kwa Waajemi, na kwao sim ni waya. Wazee wetu wa Bukavu na Uvira waliijua simu ikiwa waya kweli. Ilikuwa mali ya shirika la serikali la posta na simu, ONPTZ enzi za Zaire, na walioipata nyumbani ni wachache: mapadri, madaktari, wafanyabiashara, wakubwa wa serikali. Wengine walikwenda kuomba kwa jirani, au walitumia foni, ile redio ya misheni ambayo mtaa mzima ulisikia habari zako.

Simu yenyewe ilikuwa na gurudumu. Ukizungusha tano, gurudumu likirudi linakata umeme wa waya mara tano, na huko sentrali mashine inahesabu. Umeme huo, volti 48, ulitoka sentrali kwa waya uleule. Kwa hiyo taa zikizimika mtaa mzima, simu iliendelea kulia. Mwambie hivyo kijana anayezunguka bloku akitafuta sola ya kuchaji!

Zaire ikachoka. Waya zilikatika bila kurudishwa, nyingine ziliibwa sababu ya shaba. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel Kinshasa, simu zisizo na waya, lakini hizo ni za matajiri. Simu za mkononi zilipokuja kushuka bei, wengi wetu tulikuwa tayari huku Kigoma. Kambi hii ilifunguliwa 1996.

Kitu ambacho wazee hawakukiacha ni hiki: namba ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Ulipiga, akaitika yeyote aliye karibu, akasema subiri nimuite. Jirani yangu, mzee wa Bukavu, bado anataja namba ya nyumba aliyoikimbia, tarakimu moja moja. Na kasimu kake ka leo anakatumia vilevile. Hakatoki nyumbani. Wataitika wajukuu, au mke wa mtoto wake. Watoto wake wawili walipotea vitani, na namba hiyo ndiyo aliyompa kila msafiri wa kwenda Uvira, na watu wa Msalaba Mwekundu pia. Mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa hapa Tanzania, alihangaika wiki mbili ibaki ileile. Wajukuu walitaka kumpa laini mpya yenye ofa. Alikataa, akakasirika kweli.

Mwaka juzi ofisi moja ilimpigia kuhusu usaili. Akaitika mjukuu wa miaka saba. Mzee alikuwa bombani, mwendo wa dakika tano. Mpigaji akakata. Kwenye faili wakaandika: hapatikani. Tarehe nyingine aliipata baada ya miezi saba.

Basi ninyi mnaopiga kutoka maofisini, akiitika mtoto msikate. Mwambieni, "Niitie babu," halafu subirini kidogo, au muulize arudi saa ngapi mpige tena. Mtoto atakimbia kumwita, ameshafundishwa.